Mita za mtumba za Land Rover 109: nizipime vipi mezani kabla sijazifunga?

BintiWaKaratu

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za jioni.

Nina Land Rover 109 Series III, pikapu ya petroli, injini ya lita 2.25, ya mwaka 1978. Baba aliiendesha mpaka macho yakamkataa, sasa naiendesha mimi. Si gari la kuoshwa na kupigwa picha. Inapakia vitunguu Mang'ola, msimu wa maharage inashuka Mto wa Mbu, na kurudi kwake ni kuupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo roho yangu hukaa juu juu, kwa sababu geji ya joto haifanyi kazi. Mshale umelala kwenye C, upande wa baridi, hata pale ninaposikia kabisa harufu ya maji ya rejeta. Geji ya mafuta nayo inasema tangi limejaa siku zote, hata nikiwa nimebakiza mafuta ya kufika kituoni tu.

Fundi wa huku alinishauri nisipoteze muda, ninunue "dashibodi nzima" ya mtumba. Nikaagiza Dar, ikaja kwa basi: spidomita, ule mduara wenye geji mbili za mafuta na joto, kidude kidogo cha bati kilichofungwa nyuma ya spidomita, senda ya joto (kile kinachofungwa kwenye injini na kuipa geji habari), na boya la tangi pamoja na mkono wake. Kwa macho vinapendeza. Vioo visafi, mishale imepakwa rangi mpya, na hiyo rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi. Muuzaji anasema vyote "vimepimwa", ila nilipomuuliza vimepimwa vipi hakujibu.

Fundi alitaka kuchukua geji na kuigusisha moja kwa moja kwenye betri aone kama mshale unapanda. Nikamzuia, kwa sababu nakumbuka baba akisema geji za gari hili hazipendi umeme wote wa betri. Sijui kama nilikuwa sahihi.

Nilivyonavyo nyumbani: betri ya volti 12, testa ya dijitali, drili ya umeme inayobadili mwendo na upande wa kuzunguka, na meza. Naomba mnielekeze nipime kila kitu kwanza. Kufungua na kufunga kile kibati cha mita kwenye Series III, na zile waya zilivyo fupi, si kazi ninayotaka kuirudia. Na kile kidude cha bati kina kazi gani? Hapa mjini kila niliyemuuliza anasema nikitupe.

SpeaGerezani

Dada, pole, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Usikitupe hicho kidude! Mafundi watakueleza.

Mimi nauza spea za mtumba Gerezani. Huo mzigo wako si wangu, lakini nikupe upande wa muuzaji. Vitu vya Toyota na Nissan vingi tunavyopata vimepitia Sharjah, dashibodi imeng'olewa na waya zimekatwa kwa mkasi, hakuna aliyezipima. Vya Land Rover za zamani vingi vinatoka kwenye magari ya hapa hapa yaliyokufa, yamekaa nyuma ya gereji miaka mingi, mvua yao, vumbi lao. Kwa hiyo neno "imepimwa" ukilisikia muulize mtu: ulipima kwa betri na nini kingine? Akisema kwa betri peke yake, jua pengine ameshaiunguza.

Mteja akija dukani kwangu na betri yake ndogo na rezista zake, vile vijidude vya kupunguza umeme, namwachia apime kadiri atakavyo, na tunaandika kwenye risiti kabla ya hela kutoka: isipofanya kazi anarudisha ndani ya siku kadhaa tulizokubaliana. Mwenye duka anayekataa kuandika hivyo, nunua kwa bei ya kubahatisha au usinunue.

Halafu kabla ya umeme wowote, tumia pua. Weka pua nyuma ya geji, kwenye vitundu. Koili iliyoungua huacha harufu ya vanishi iliyochomeka na haiishi hata baada ya miaka. Tazama na kingo za bati linaloshika kioo: likiwa na makovu ya bisibisi mtu ameshafungua, na mshale ukipakwa rangi nzito unakuwa mzito pia.

FundiNgarenaro

Marahaba mwanangu. Ulifanya sawasawa kabisa kumzuia, na baba yako anaijua gari yake.

Nafanya umeme wa magari hapa Arusha, na Land Rover ndizo zilizonilisha. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa mjini watu wengi wamezifufua za wazee wao, na karibu wote wanakuja na shida kama yako: wamenunua geji, wamefunga, haisomi, wananunua nyingine. Mimi nasema hivi: geji haijawahi kuwa kitu kimoja. Ni vitu vitatu vinavyofanya kazi kwa zamu, yaani stabilaiza, geji yenyewe na senda, na vyote vinategemea ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi. Ukivipima kwa pamoja hutajua anayekudanganya ni yupi. Vipime kimoja kimoja.

Hicho kidude cha bati ndicho stabilaiza. Ndani ya geji zako za kampuni ya Smiths kuna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita waya unapata moto, kile kipande kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana mishale ya gari hilo inapanda polepole, haidundi barabara ikiwa mbaya. Sasa, gari likiwa limezimwa betri ina volti 12 na kitu, likiwaka jenereta inapandisha hadi 14. Geji ya namna hii ingesoma tofauti kila ukikanyaga mafuta. Stabilaiza inakata na kuunga umeme haraka haraka ili wastani uwe volti 10. Geji imepimiwa kiwandani kwa volti 10 hizo. Ukiipa 12 moja kwa moja, tena bila senda kati, ule waya mwembamba unapata moto kupita kiasi. Inaweza kusogea vizuri sana mbele ya macho yako, ukafurahi, na ukawa umeiua.

Anza nayo hiyo. Chukua betri, kwenye chanya weka fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 (hii usiiruke, waya za mezani hugusana), peleka kwenye teminali yenye herufi B. Bati lenyewe la stabilaiza liunge na hasi ya betri. Teminali yenye herufi I ndiyo inayotoa. Weka pale balbu ndogo kama ile ya taa za dashibodi, upande wa pili wa balbu uende hasi. Balbu iwake kwanza moja kwa moja kitambo kidogo, halafu ianze kuzima na kuwaka. Ikizima na kuwaka, stabilaiza ni hai. Testa ya dijitali itakuchanganya hapo, namba zinaruka, usiogope. Kama una mtu mwenye testa ya mshale, mshale utacheza ukizunguka 10.

Balbu isipowaka kabisa, imekufa. Ikibaki inawaka bila kukatika, kuna mawili: pointi zimeshikana, au lile bati halina ethi. Hili la pili ndilo ninalokutana nalo zaidi kuliko yote. Koili ya kupashia moto ndani yake inapata hasi kupitia bati, kwa hiyo bati likipata kutu au likifungwa juu ya rangi, stabilaiza haikati tena, inapitisha volti zote za betri. Matokeo yake geji zote mbili zinasoma juu kwa pamoja. Kariri hilo: zote mbili zikisoma juu, shuku stabilaiza na ethi yake. Moja ikikosea peke yake, shuku geji hiyo au senda yake. Na ishike wima kama inavyokaa garini. Zile za zamani zina upande wa juu wake.

Ikiwa imekufa usihangaike kutafuta ya mtumba. Nenda kwa fundi redio umwambie akupe IC inaitwa 7810, ni hela ndogo. Ukiitazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto unaingia umeme, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa volti 10 zilizotulia. Kile kibati chake cha nyuma nacho ni hasi, kwa hiyo kifunge kwa skrubu kwenye bodi kavu na kitapoa hapo hapo. Sharti gari liwe na hasi kwenye bodi, na lako la 1978 ni hivyo. Zile za kabla ya 1967 nyingi chanya ndiyo iko kwenye bodi, mwenye hizo asikimbilie IC hii.

Geji sasa. Weka testa kwenye ohm, gusa teminali mbili za geji moja. Unataka makumi kadhaa ya ohm. Testa ikisema hakuna njia, waya umekatika ndani, hiyo geji iweke pembeni. Ikisoma karibu na sifuri, waya umegusana, nayo pia weka pembeni. Ikipita hapo ndipo uipe umeme: kutoka I ya stabilaiza kwenda teminali moja ya geji, teminali ya pili kwenda kwenye rezista, na rezista kwenda hasi. Hiyo rezista ndiyo inayojifanya senda. Nunua tatu, za wati 1 kila moja maana ndogo zaidi zitapata moto: ya ohm 22, ya 68 na ya 220.

Kwa 68 mshale ukae katikati au karibu yake. Kwa 22 uende kwenye F, au H kwa ile ya joto. Kwa 220 uwe chini kabisa karibu na E au C. Kila ukibadilisha, subiri dakika nzima au zaidi kabla ya kuhukumu. Hapa ndipo vijana wanapokosea, wanatazama sekunde tatu wanasema imekufa. Ukiona mshale unaruka papo hapo kama wa testa, hiyo si geji ya Series III, ni ya sumaku ya Land Rover za mwanzo na haihitaji stabilaiza. Mtu amekuchanganyia.

Mshale ukipanda mwisho vizuri lakini ukikosa katikati kwa unene wa mshale wenyewe, acha. Ukikosa kwa robo nzima, nyuma ya geji kuna vitundu viwili vilivyozibwa. Ndani yake kuna meno ya kusogeza, kimoja upande wa chini wa kipimo, kingine upande wa juu. Sogeza kidogo sana kwa bisibisi ya saa, rudia 220, rudia 22, moja inaisukuma nyingine. Mimi hilo nalifanya kwa geji ambayo sina mbadala wake tu.

Boya la tangi: lipimie mbali na tangi na mbali na petroli. Lisafishe, likauke kabisa. Testa kwenye ohm, waya mmoja kwenye teminali, mwingine kwenye bati lake. Inua mkono taratibu kutoka chini hadi juu. Chini utapata kama 240, juu kama 20, na kati hapo namba zishuke kwa mtiririko. Usitazame miisho peke yake. Rudi na uende polepole, maana ule waya wa ndani hulika pale ambapo mafuta hukaa mara nyingi, kwenye robo na nusu. Namba zikipotea katikati ya safari, mshale wako utakuwa unakufa kila tangi likifika hapo. Tikisa na boya lenyewe sikioni. Ukisikia kimiminika ndani limetoboka, litazama.

Senda ya joto inapimwa jikoni. Sufuria ya maji, itumbukize sehemu ya shaba tu, teminali ibaki juu na kavu. Waya mmoja wa testa kwenye teminali, mwingine kwenye shaba. Maji baridi ohm ziwe nyingi, mia kadhaa, na jinsi maji yanavyopata moto zishuke bila kurukaruka. Ukishaona inashuka, iunge mezani na geji yako ya joto badala ya rezista, shaba iende hasi, uwashe jiko upya. Hapo utaona mshale ukipanda na maji. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine.

Spidomita. Izungushe kwanza kwa vidole kwenye tundu la kebo, kwa kipande cha kebo ya ndani ya zamani kilichokatwa. Sikiliza: kavu hulia. Upande mmoja mshale utataka kuinuka, huo ndio upande wa drili. Kisha angalia usoni, kwa herufi ndogo chini, kuna namba. Hiyo ni mizunguko ya kebo kwa maili moja, au kwa kilomita moja kama uso ni wa kilomita. Faida yake ni hii: ukizungusha kebo kwa mizunguko hiyo hiyo kwa dakika, spidomita isome 60, iwe ni maili au kilomita. Namba ikiwa 1000, mizunguko 1000 kwa dakika ni 60. Drili yako pengine haikuambii mizunguko, basi hesabu kwa namba za umbali: endesha kwa mwendo ambao mshale umetulia kwenye 60 kwa dakika moja ya saa, namba za umbali zisogee moja kamili. Zisiposogea gia za plastiki zimekwisha. Mshale ukitetemeka kwa kebo fupi iliyonyooka, shida ni ndani ya spidomita. Anza polepole, usiivute drili mpaka mwisho.

Na linganisha namba hiyo na ya spidomita yako ya sasa kabla hujaitoa. Land Rover 88 na 109 hazina matairi sawa, namba zikitofautiana utasoma mwendo wa uongo.

Sasa mwanangu, nimeacha la muhimu zaidi. Ulivyoeleza, mafuta yamejaa siku zote na joto liko C siku zote. Geji mbili kufa kwa namna mbili tofauti si jambo la kawaida. Kabla hujafungua dashibodi, nenda kwenye senda. Waya wa kijani wenye mstari mweusi ndio wa tangi. Uchomoe, uuache hewani, washa swichi. Mshale ukishuka hadi E, geji na waya ni wazima, boya ndilo bovu. Ukibaki F, waya umechubuka unagusa bodi mahali fulani. Halafu waya wa kijani wenye mstari wa bluu ni wa joto. Uchomoe kwenye senda uugusishe kwenye injini kupitia ile rezista ya 68. Mshale ukipanda katikati, geji yako ya zamani ni nzima. Fanya hivyo kwanza, utuambie.

MzeeWaHZJ_Nakuru

Fundi amemaliza. Niongezee tu kwa wenye Toyota wanaosoma hapa, maana hizi namba za Smiths zisiende kwa gari tofauti. Mimi niko na Land Cruiser na Hilux za shamba. Toyota nyingi za miaka ya themanini na tisini senda ya tangi iko karibu ohm 3 ikijaa, 110 ikiisha, kati hapo thelathini na kitu. Mwongozo wa Toyota unatumia balbu ya wati 3.4: unachomoa plagi ya senda, unaunganisha balbu pale kwa waya za gari, unawasha swichi. Balbu iwake na mshale uende juu. Zingine ziko na mafuta ya silikoni ndani ya geji ndio mshale usitetemeke, kwa hivyo ngoja utulie.

Geji ya presha ya oili ya umeme usiipime na ohm. Kwa nyingi za Toyota za zamani senda yake yenyewe inakata na kuunga, ukiweka balbu unaiona ikimetameta, na injini ikiongeza mwendo inabadilika. Mtu akikuambia "hiyo senda haina ohm za maana" anasema ukweli lakini haimaanishi imekufa.

Spidomita ya kebo kutoka Japani, mizunguko 637 kwa dakika ni kilomita 60. Hiyo shika.

Na chunga geji mpya za kubandika zinazouzwa madukani. Za kampuni ya VDO nyingi zinaenda kinyume, ohm 10 ni tupu na 180 ni kujaa. Ukiifunga na senda ya Land Rover itakuonyesha umejaa wakati umeishiwa katikati ya Mau Summit na Timboroa usiku.

MjukuuWa88

Samahani kuingilia. Mimi nina geji ya presha ya oili ya bomba, ile inayoletewa oili kwa kibomba chembamba mpaka dashibodi. Hiyo inapimwaje?

FundiNgarenaro

Hiyo haina umeme. Nenda kwa mtu wa kujaza upepo wa matairi. Tafuta kiungo cha tawi tatu: tawi moja upepo, la pili geji yako, la tatu geji ya tairi unayoiamini. Pandisha hadi 20, 40, 60 psi, linganisha, kisha funga upepo uache kama dakika tano. Ikishuka inavuja, na hiyo ikivuja garini inamwaga oili ya moto kwenye magoti yako. Kwa injini ya 2.25 iliyopata moto unatarajia kati ya 35 na 65 ukiwa barabarani, kwa hiyo sehemu hiyo ya kipimo ndiyo iwe sahihi, ya juu zaidi haikuhusu. Kibomba cha plastiki cha zamani usikitumie tena, weka kipya.

BintiWaKaratu

Fundi, asante sana. Babangu wa Nakuru na ndugu wa Gerezani, asanteni pia. Nimefanya yote kwa mpangilio uliotoa.

Kwenye gari: nilichomoa ule waya wa kijani na mweusi kwenye tangi, mshale ukabaki F vile vile. Nikaufuata. Tangi la pikapu liko chini ya kiti, na pale waya unapopita ukingo wa bati la kiti, plastiki imeliwa, shaba inang'aa. Niliuinua kwa kijiti tu, mshale ukaanza kushuka. Geji ya mafuta ya baba ni nzima!

Waya wa joto niliugusisha kwenye injini kupitia rezista ya 68. Mshale ulipanda taratibu mpaka katikati. Nilikaa nautazama nikashindwa kusema kitu, maana tangu nianze kuendesha gari hili sijawahi kuuona umetoka kwenye C. Nikaitoa senda nikaipima kwenye sufuria: hakuna njia, baridi wala moto.

Vya mtumba mezani: stabilaiza iliwasha balbu bila kukatika. Nikaukwangua ule mguu wa bati kwa msasa, nikaubana tena kwenye hasi, ikaanza kuwaka na kuzima. Geji ya mafuta kwa 68 iko chini kidogo ya nusu, miisho iko sawa. Geji ya joto ya mtumba haina njia kabisa, na ndugu wa Gerezani, harufu uliyoisema ipo. Boya linasoma vizuri chini na juu, lakini pale robo namba zinapotea kila mara. Spidomita inafanya kazi, ila namba yake si sawa na ya kwangu, kwa hiyo yangu inabaki.

Kwa ufupi, kati ya vyote nilivyonunua ninachohitaji ni senda ya joto. Na hapo ndipo ninapouliza tena. Nimeipima na geji ya baba kama ulivyosema. Maji yanachemka kabisa, yanaruka, lakini mshale haufiki H. Unasimama kama robo tatu. Ni senda ya gari lingine au ni sawa?

FundiNgarenaro

Ni sawa, na nafurahi umeuliza badala ya kwenda kuinunua nyingine.

Karatu iko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Maji huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 hata ukiyachochea moto wa namna gani. Mtu akipima senda hiyo hiyo Dar atapata mshale juu zaidi. Na ndani ya rejeta yako kifuniko kinabana presha, kwa hiyo maji ya injini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. H imewekwa kwa ajili ya hapo. Ingegusa H kwa maji ya sufuria ya Karatu ningekuambia uitupe.

Fanya jambo moja zaidi ukiwa bado na sufuria. Azima kipimajoto kinachofika 100, cha maabara ya shule kinafaa, cha homa hakifai. Washa jiko polepole, ukifika 80 subiri mshale utulie, weka alama kwa kalamu kwenye kipande cha gundi ya karatasi juu ya kioo. Fanya hivyo 90, na pale yanapochemka. Ukipanda kutoka Mto wa Mbu na mzigo, ukiuona umepita ile alama ya mwisho na bado unapanda, simama, geuza pua ya gari kwenye upepo, usifungue kifuniko.

Ule waya wa tangi usiufunge kwa gundi nyeusi tu. Kata kipande kilicholiwa, unganisha kwa risasi, vesha mpira, na pale kwenye ukingo wa bati weka mpira wa tundu ili waya usiliwe tena. Stabilaiza ya kwako ya zamani nayo ikwangue mguu kama ulivyofanya ile, hata kama geji zinasoma. Ile ya mtumba itunze, ni spea nzuri.

Na ukiifunga senda, usiizungushie ule mkanda mweupe wa mabomba. Ethi yake inapita kwenye nyuzi za skrubu, ukizivisha plastiki mshale unarudi C.